Kiraka Kipya, Silinda Kuukuu

Katika Injili ya Marko sura ya 2, na vilevile katika Mathayo 9 na Luka 5, Bwana wetu anazungumza habari ya mtu anayeshona kiraka cha nguo mpya juu ya vazi kuukuu. Kiraka kikivuta, vazi linachanika kuliko lilivyokuwa. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na katika makanisa yetu hutumika kwa namna mbili zinazopingana. Kijana akitaka nyimbo mpya za kwaya, mzee humjibu kwamba kipya hakikai juu ya cha zamani. Mzee akiomba utaratibu wa zamani usitupwe, kijana humjibu kwa aya ileile. Aya moja ikizipa silaha pande zote mbili, ni vizuri kuketi nayo tena bila haraka.

Sisi tunaoishi kati ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa tunayo kazi inayotusaidia kuielewa, nayo ni kuweka ringi mpya katika injini ya pikipiki ya zamani. Wengi wetu tumeiona ikifanyika chini ya mwembe au kwenye kibanda cha fundi. Pikipiki za namna hiyo bado zipo, hasa zile Honda CG125 zilizowabeba makatekista na wauguzi kabla neno bodaboda halijazoeleka huku kwetu. Honda ilianza kuitoa pikipiki hiyo mwaka 1976, ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako chombo hubeba mzigo mkubwa na hupata huduma kidogo. Injini nyingi za Kichina tunazopanda leo zimefuata mfano wake, kwa hiyo tukimsema bibi tunawasema na wajukuu.

Dalili za ringi kwisha tunazijua. Pikipiki inatoa moshi wa rangi ya bluu, inakula oili, na ikitoka Mbamba Bay kupanda milima ya Umatengo na abiria mmoja tu, inalalamika. Ndani ya silinda yenye upana wa milimita 56.5 pistoni imevaa ringi, na kazi ya ringi hizo ni kuziba: moto ubaki juu, oili ibaki chini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Kwa mwendo huo hakuna chuma kisicholika.

Sasa, mwenye pikipiki huja na ombi moja: weka ringi. Ringi ni bei ndogo, na kazi inaisha siku hiyohiyo. Lakini fundi mwaminifu hafungi ringi kabla ya kupima. Anaichukua ringi peke yake, anaiingiza kwenye silinda, anaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha anapima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa vibati vyembamba. Anapima chini, mahali ambapo silinda haijalika sana, kisha anapima karibu na juu, ambako joto ni kali na oili ni haba. Mwanya wa juu ukizidi sana ule wa chini, basi tatizo si ringi. Silinda yenyewe imepanuka na kupoteza uduara wake.

Hapo ndipo tunapoona alichokisema Bwana. Ringi ya zamani, kwa miaka yake yote ya kupanda na kushuka, huacha ukingo mdogo kule juu ilikoishia. Ringi ya zamani haigongi ukingo ule, kwa sababu imelika pamoja nao. Ringi mpya, yenye kona kali, ikifungwa bila ukingo kuondolewa, inaugonga na kuvunjika, na vipande vyake vinaichana silinda. Injini iliyokuwa inatoa moshi tu sasa imekufa. Yule mwenye vazi naye alikuwa na tundu moja dogo.

Tuangalie basi kosa liko wapi. Haliko katika kushona kiraka. Mama zetu wametia viraka nguo za nyumba nzima na tukaenda nazo kanisani, wala hatuamini kwamba Bwana aliwakataza. Injili inasema wazi kwamba nguo ile mpya ilikuwa bado haijafuliwa ikajikunja. Ilishonwa bila kuandaliwa, juu ya vazi ambalo halikupimwa. Tena Bwana hakuwa anafundisha ushonaji. Aliulizwa habari za kufunga, kwa nini wanafunzi wa Yohane wanafunga na wa kwake hawafungi, naye akawajibu watu waliotaka kumchukua yeye kama nyongeza: maisha yabaki yalivyo, na Yesu ashonwe pembeni.

Hilo ndilo swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji. Ni lini kukarabati ni uaminifu, na ni lini ni njia ya kukwepa kuongoka? Mtu anayemlaghai ndugu yake shamba la kahawa, kisha akaongeza sadaka, ametia ringi mpya bila kupima silinda. Anayempiga mkewe kisha akajiunga na chama cha sala amefanya vivyo hivyo. Sadaka si mbaya na chama si kibaya, ila vinagonga ukingo ulioachwa kule juu, na mara nyingi huvunjika kwa kelele. Baadaye tunasikia watu wakisema dini haimsaidii mtu yule. Dini haikupewa nafasi ya kufika mahali palipolika.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaosema kila cha zamani kitupwe. Silinda iliyopanuka ina dawa yake. Inapelekwa kwenye karakana yenye mashine, inachongwa ndani hadi iwe duara tena, na inavalishwa pistoni kubwa zaidi kidogo. Pistoni hizo hutengenezwa kwa hatua za robo milimita, kwa hiyo silinda moja inaweza kuchongwa zaidi ya mara moja. Ni kazi ya gharama, na inaondoa chuma halisi, kile kilichokuwa sehemu ya silinda. Toba ya kweli nayo huondoa kitu. Shamba lazima lirudi kwa mwenyewe.

Kuna jambo hapa linalotugusa sisi wenye kipato kidogo. Katika nchi ya kahawa fedha huja na msimu. Mtu anapoambiwa mwezi wa pili kwamba silinda inahitaji kuchongwa, anaweza kusema, fundi wangu, najua, lakini nina fedha ya ringi tu, nifungie nifike mavuno. Je, fundi atende dhambi kwa kumfungia? Sisi tunasema hapana, mradi ameondoa ukingo na amemweleza wazi kwamba kazi hiyo haitadumu. Ni umaskini uliosemwa kweli, na Mungu anaujua. Dhambi inaanza pale fundi anaponyamaza ili alipwe mara mbili, au pale mwenye pikipiki anapotia oili nzito kuficha moshi na kumuuzia kijana anayeanza maisha. Kijana huyo ataingia mkataba wa kurejesha fedha kila siku. Siku moja atampakia mama mjamzito kumpeleka hospitali, na injini iliyofichwa ugonjwa inaweza kukamata kwenye mteremko. Injini ikikamata, gurudumu la nyuma linajifunga. Aliyeuza hatakuwepo barabarani kuona.

Kazi hii ni ya siri, na ndiyo sababu tunaihesabu kuwa kazi ya imani. Injini ikishafungwa hakuna mteja anayeweza kuona kama mwanya ulipimwa, au kama ringi imegeuzwa juu chini. Mwanya ukiwa mkubwa, moshi unarudi. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto inatanuka, ncha zake zinakutana, nayo inaanza kuuma ukuta wa silinda. Kwa hiyo nafasi ile ndogo, takribani robo ya milimita, haiachwi kwa uzembe. Inaachwa kwa ajili ya moto utakaokuja. Tungependa wanandoa na viongozi wa jumuiya waitafakari nafasi hiyo, maana wapo wanaobanana mno wakati hali ni baridi.

Silinda ambayo haihitaji kuchongwa nayo haiachwi kama ilivyo. Ukuta wake umekuwa laini kama kioo kwa miaka mingi ya kusuguliwa, na ringi mpya haiwezi kushikamana na kioo. Fundi anaukwaruza kidogo, kwa mistari inayopishana, ili oili ipate mahali pa kukaa. Wamatengo hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwenye ngoro tunalaza majani kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, tunafunika kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati yanashika maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Mteremko uliosawazishwa vizuri kwa macho hupoteza kila kitu kwa mvua moja. Waumini wa muda mrefu, tulio laini kwa mazoea, huenda tusipende kukwaruzwa, lakini Luka peke yake anaongeza kwamba aliyezoea divai ya zamani hataki mpya, na tunadhani alituona.

Baada ya kufunga, mwenye pikipiki huambiwa aendeshe kwa adabu. Wengi husikia aendeshe polepole tu, na hapo hukosea. Ringi hukaa mahali pake kwa sababu mgandamizo wa moto huingia nyuma yake na kuisukuma ukutani. Injini isiyopewa mzigo kabisa haizibi, na iliyopewa mzigo wote siku ya kwanza inaungua. Tumewaona waongofu wapya na viongozi vijana wakitendewa hivyohivyo: ama wanakalishwa viti vya nyuma miaka mitano, ama wanapewa ujenzi wa kanisa zima mwezi wa kwanza.

Kisha, baada ya kilomita chache za mia, oili ya kwanza humwagwa. Ukiitazama juani ina vumbi la chuma linalometameta. Limetoka kwenye ringi mpya, na limetoka kwenye silinda kuukuu; vimelana kidogo ili vifanane, na hakuna anayeweza kutenganisha la huyu na la yule. Oili hiyo tunaomba iwekwe kwenye dumu. Isimwagwe mtoni, kwa kuwa vijito vyetu vingi vya milimani vinashuka ziwani, na huko chini kuna watu wanaovua usipa kwa ajili ya chakula cha jioni.