Mwendo wa Shikamoo

Kijana wa kisa hiki ni saidia fundi. Anaishi pembezoni mwa Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, upande wa Misunkumilo, na saiti yake iko katikati ya mji. Simpi jina, wala bibi aliyekutana naye simpi jina, kwa sababu kisa nimekitunga kutokana na mambo yanayotokea kila masika, na sitaki msomaji atafute wa kumnyooshea kidole.

Baiskeli yake ni Phoenix aliyoachiwa na marehemu baba yake: fremu nzito, rimu za chuma, breki za kuvutwa na fimbo za chuma badala ya waya. Kwenye karia amefunga kwa mipira ya tyubu kuukuu mfuko wenye mwiko, nyundo na pima maji. Taa hana. Kengele anayo, ingawa hulia akiipiga kwa nguvu tu. Analipwa kwa siku, na msimamizi wake ana sharti moja lisilojadiliwa: anayefika baada ya saa moja na nusu asubuhi anakatwa nusu ya malipo.

Barabarani kijana huyu alikuwa mnyonge, na unyonge wake ni wa kweli. Basi linalotoka au kuelekea Tabora likimpita karibu, upepo wake humyumbisha. Malori ya mahindi na tumbaku hayampi nafasi. Ukingo wa lami umeliwa na maji, na tairi la mbele likishuka pale halipandi tena bila kumwangusha mtu. Kisheria dereva haruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, lakini sheria hiyo inahitaji mtu wa kuitii saa ambayo askari hayupo. Siku moja kabla ya tukio, gari lilimpigia honi kwa nyuma mfululizo mpaka akaingia mtaroni. Jioni aliwaambia wenzake kwa uchungu kwamba wenye magari wanamwona mtu wa baiskeli kama kokoto. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na wenzake walimwunga mkono.

Kesho yake akaacha lami. Kuna njia ya miguu inayokatiza nyuma ya nyumba, ikateremka hadi kwenye kijito, kisha ikapanda kuelekea mjini. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mwezi Februari, bado giza, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia kama hiyo haina mwenyewe: wanafunzi huipita wakienda shule, wanawake wakiwa na ndoo na mabeseni, wachungaji na ng'ombe wao, bodaboda wanaokwepa askari, na waendesha baiskeli waliochoshwa na malori. Haina alama, haina tuta, haina kushoto wala kulia.

Kwenye lami alikuwa mdogo kuliko wote. Kwenye njia ile akawa mkubwa kuliko wote, na hakulitambua hilo. Mtu aliyezoea kuonewa huwa hajichunguzi nguvu zake, kwa sababu siku nzima anajiona yeye ndiye wa kuhurumiwa. Kwa hiyo kwenye mteremko akaiachia baiskeli ishuke yenyewe, akifidia dakika alizopoteza kufunga mizigo.

Hebu tuhesabu. Baiskeli ikiteremka kwa kilomita 20 kwa saa hukata zaidi ya mita 5 kila sekunde. Macho kuona, akili kutambua na mkono kukaza breki huchukua kama sekunde 1, kwa hiyo mita 5 zimeshakwisha kabla raba haijagusa rimu. Na rimu ya chuma ikilowa, raba hufuta maji kwanza; gurudumu huendelea kuzunguka huku mtu amekaza mikono yote miwili na hakuna kinachotokea. Ongeza mzigo wa nyuma unaosukuma, ongeza udongo uliolowa. Mwenye baiskeli ya namna hii, siku ya mvua, hana breki za kumtosha. Alichobaki nacho ni mwendo aliouchagua tangu juu ya mteremko.

Karibu na kijito alikuwa anatembea bibi mmoja na beseni la maharage ya kupika kichwani, akienda kuyauza sokoni. Khanga yake ilikuwa ya rangi nzito. Kijana alimwona akiwa amebakiza hatua chache, akapanga kumpita kulia, ndipo akapiga kengele.

Ile kengele ndiyo iliyomwumiza. Pikipiki hujitangaza tangu mbali, na mtu ana muda wa kujua inatokea wapi. Baiskeli huja kimya. Mtu anayesikia kengele ghafla mgongoni hageuzi kichwa tu; hugeuka mwili mzima, na mara nyingi hukanyaga upande ule ule anaogeukia. Bibi aligeukia kulia. Wakaanguka wote, maharage yakamwagika kwenye tope, na bibi hakuweza kuinuka.

Kijana hakukimbia. Nalitaja hilo kwa heshima, kwa maana kuna aliyemwambia akimbie. Lakini lililofuata lilikuwa kosa la pili, tena la watu wenye huruma. Walimnyanyua bibi kwa makwapa, wakamketisha mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele na kijana nyuma akimshikilia, wakamkimbiza hospitali juu ya mashimo. Mzee aliyeanguka ubavu, asiyeweza kusimama, ambaye mguu wake umeonekana kuwa mfupi au umegeukia nje, mchukulie kuwa amevunjika nyonga. Hanyanyuliwi kwa makwapa na haketishwi kwenye pikipiki. Afunikwe asipigwe na baridi, mguu usinyooshwe kwa nguvu, alazwe juu ya ubao, mlango au kitanda, na atafutwe gari ambalo atasafiri amelala, hata kama ni pikapu ya kukodi kwa mchango wa waliopo. Dakika 20 za kusubiri gari zina faida zaidi kuliko dakika 5 za mshikaki.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Kwa umri wake, hilo linaweza kuwa mwisho wa kutembea bila msaada, na kwake ilikuwa hivyo. Beseni la maharage ndilo lililokuwa likinunua madaftari na sare za wajukuu wawili. Wazee wa pande zote mbili walikaa kikao, kijana akaomba radhi amepiga magoti, akauza baiskeli na kutoa fedha yote ya mauzo, nayo haikutosha hata gharama za mwezi wa kwanza. Bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, ungeniamkia tu ningekupisha."

Ungeniamkia tu. Katika maneno yote niliyowahi kusikia kuhusu usalama wa njiani, sijapata kanuni inayotufaa zaidi. Katavi mtu hampiti mzee njiani bila salamu. Ukiwa juu ya baiskeli, anza ukiwa mbali: kengele mara moja, mapema, kisha sauti. "Shikamoo bibi, napita kulia kwako." Halafu ngoja. Kama umesikia "marahaba" ikiitikiwa, ujue amekusikia, amejua uko wapi, na mwendo wako ni wa kibinadamu. Kama umempita kabla hajamaliza kuitikia, ulikuwa unakimbia kupita kiasi. Kama hakuitikia kabisa, huenda masikio yake yamechoka. Shuka, usukume baiskeli mpaka umpite. Kwa mtoto mdogo ni hivyo hivyo, kwa sababu mtoto akishtuka hukimbia, na hakuna ajuaye upande atakaokimbilia.

Wapo watakaosema huko ni kuchelewa. Waende Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako Mto Katuma una viboko wengi. Kiboko hula majani usiku na kurudi majini alfajiri, tena kwa mapito yale yale, na nchi kavu anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa. Mtu aliyekaa kati yake na maji yuko hatarini. Hapo mwendesha baiskeli yeyote husimama na kungoja hata robo saa bila kunung'unika, wala hamna anayesema amecheleweshwa. Kwa hiyo kusubiri tunakuweza. Kinachotushinda ni kumsubiri asiyeweza kutudhuru.

Njia zilizojengwa vizuri zinasaidia, na tuendelee kuzidai. Katika miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki yaliyofanyiwa majaribio ya maboresho ya njia za waenda kwa miguu na baiskeli, pamoja na vivuko vya matuta vinavyolazimisha magari kupunguza mwendo. Nairobi na Eldoret pia zilikuwamo. Mpanda, mji ambamo baiskeli bado ni usafiri wa watu wengi, unastahili mabega ya barabara yaliyo sawa na lami na kivuko cha namna hiyo mbele ya kila shule. Lakini tazama njia ya baiskeli iliyo kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, inayokwenda sambamba na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016: bodaboda wanaingia humo, na wafanyabiashara hupanga bidhaa. Zege haliwezi kumfundisha mtu kumpisha mwenzake.

Limebaki jambo moja ambalo kikao cha wazee hakikuligusa. Kwa nini kijana alikuwa kwenye giza lile, na kwa nini alikuwa na haraka? Nchi nzima tunafuata majira ya saa yale yale, lakini Mpanda iko mbali magharibi, na jua lake huchomoza kama nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Mwezi Februari huchomoza karibu saa moja asubuhi. Anayetakiwa awe kazini saa moja na nusu, kwa baiskeli, hana budi kupita njia ya kijito kabla ya kuonana sura na anayekutana naye, na wanafunzi ni vivyo hivyo. Msimamizi aliyeweka sharti la kukata nusu ya malipo hakuwa pale kijitoni, ila haraka ile ilitoka kwake. Wenye saiti, wakuu wa shule na wenye karakana wa Mpanda wanaweza kulirekebisha hili bila kusubiri bajeti ya mtu: kuanzia Januari mpaka masika yaishe, kazi na masomo vianze nusu saa baadaye. Muda huo haupotei. Jua linalochelewa kuchomoza Mpanda huchelewa pia kuzama, na Februari mwanga bado upo baada ya saa moja jioni.