Maziko, na Mikono ya Kuyatenda

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Maida khabari ya mwana wa Adamu aliyemuua nduguye, kisha asijue la kuifanyia maiti, hata akaletewa kunguru afukuaye ardhi, akajifunza kwake. Basi si ajabu Muislamu akizinduliwa katika jambo la maziko na watu wasio wa dini yake.

Huko Marekani, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hata 1865, ilienea desturi ya kutia maiti dawa zisioze, ili askari wapate kurejeshwa makwao. Leo dawa ni formalini, na sanduku huwa la chuma au mbao za thamani, ndani ya shimo la zege. Wako waliochoshwa na israfu hiyo. Mwaka 1993, katika mji wa Carlisle, Uingereza, Ken West, msimamizi wa makaburi ya mji, alifungua uwanja ambao kaburi hupandwa mti badala ya kusimamishiwa jiwe. Mwaka 1998 tabibu Billy Campbell akafanya mfano wake South Carolina, ndani ya msitu: maiti haitiwi dawa, huzikwa kwa nguo au sanduku la mbao tupu. Na huko Prairie Creek, Florida, watu hujitolea kuchimba kaburi kwa mikono yao.

Msomaji wa mwambao atatabasamu: sanda na mwanandani ayajua tangu utoto! Kweli, lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa, na yako makaburi ya mwambao yenye saruji na vigae. (Wala si kosa la leo tu, nguzo za makaburi ya Malindi na Gedi zimesimama karne nyingi.)

Walakini saruji ni jambo dogo mbele ya hili la mikono. Kuosha, kukafini, kusalia na kuzika ni fardhi ya kifaya: wakitenda baadhi, dhambi huwaondokea wengine. Dhambi huondoka, thawabu ya kazi ni ya aliyeifanya. Sheria haikumkataza mchimbaji ujira wake, na alipwe kabla jasho halijakauka. Lakini kijana mwenye nguvu, asimamaye kando ya kaburi la babake na simu mkononi, hata aitwe kutia konzi tatu za mchanga, amenunua nini kwa fedha zake? Wanazuoni wa Kishafii wamewatanguliza jamaa wa damu katika kumwosha mwanamume. Yeye haki hiyo amempa mgeni, kwa kuwa hajui kuosha. Na wakikosekana wajuao, dhambi ni ya mji mzima.

Wale wa Florida wakusudia kuhifadhi msitu, nia nyingine kabisa, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Jembe ni lile lile.

Basi atakaye kuanza amwendee mwosha wa mtaa wake, amshikie kopo la maji, aone kafuri inavyotiwa na sanda inavyokatwa, mpaka mzee amwamini kumwachia mkono wa maiti.