Je, Nia Njema Yatosha? Somo Kutoka Wodi ya Wazazi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi na ukunga, nilipelekwa kwa mazoezi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Uganda. Nilikuwa nimefaulu vizuri mtihani wa dawa. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza kuhusu oksitosini, ningekujibu: yuniti 10, sindano ya msuli, kumkinga mama asitokwe na damu nyingi anapojifungua. Jibu hilo lilinipa alama zote. Usiku mmoja, jibu hilo hilo nusura liniingize katika balaa.

Kulikuwa na mama ambaye njia ilikuwa imefunguka sentimita 7. Amechoka, analia. Mama mkwe wake akanishika mkono: "Sista, mwanangu, mwonee huruma mwenzako. Mchome ile sindano ya uchungu amalize." Mkunga wa zamu alikuwa chumba cha pili na mzazi mwingine. Nilimtazama yule mama, moyo ukaniuma. Nilikuwa nimeona kila anayejifungua anachomwa sindano hiyo. Nikasema Bismillah, nikavunja kichupa, nikavuta yuniti 10.

Mkunga aliingia nikiwa nimeshika pamba. Hakunifokea. Aliuliza tu: "Mtoto yuko wapi?"

"Bado hajazaliwa, Sista."

"Basi hiyo sindano ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Alinipokonya sindano taratibu, akaiweka kando. Mtoto alizaliwa salama baada ya muda. Mkunga akaweka kiganja juu ya tumbo la mama kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki ndani, kisha akaniambia: "Sasa vuta dawa yako." Nikachoma. Dawa ile ile, kipimo kile kile, mkono ule ule, huruma ile ile. Lakini tendo la kwanza lingeweza kuua, na la pili lilikuwa kinga.

Nieleze kidogo kwa wasiosomea afya. Oksitosini hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Mtoto akishatoka, kukaza huko hubana mishipa ya damu pale kondo la nyuma lilipobanduka, na damu hupungua. Mtoto akiwa bado ndani, yuniti 10 kwa mkupuo zinaweza kuufanya mfuko ukaze bila kuachia. Damu inayompelekea mtoto hewa hukatika, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Ni kweli dawa hii hutumika pia kuongeza uchungu kabla ya kuzaa, lakini kwa dripu, matone yakihesabiwa na mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Dripu ukiona hatari unaifunga. Sindano ikishaingia kwenye msuli huwezi kuirudisha.

Asubuhi mama mkwe alisema jambo lililonitia baridi zaidi. Kabla ya kuja hospitali alikuwa amempa mkwe wake mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mitishamba hiyo nayo hukaza mfuko wa uzazi. Mimi sikumuuliza, naye hakusema. Usiku ule mama yule alizungukwa na watu wawili waliomtakia kheri kabisa, na sisi wawili ndio tuliokuwa hatari kwake kuliko wote.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumba, alinifariji: "Usijilaumu. Allah anaangalia moyo. Hata lingetokea lolote, nia yako ilikuwa njema." Alikuwa anakusudia hadithi maarufu ya nia, ile inayofungua Sahihi Bukhari. Nilitamani kukubali, lakini swali likabaki: je, nia njema yatosha?

Tuanze na Swala. Mtu akiswali Adhuhuri kabla jua halijapinduka, kwa khushui na machozi, wanazuoni hawamwambii kwamba Swala yake imetimia kwa kuwa alikuwa na ikhlasi. Atairudia wakati ukiingia. Nia ni sharti, lakini haiuleti wakati ambao haujafika. Sindano yangu ya kwanza ilikuwa kama Swala ya kabla ya wakati, ila Swala hurudiwa. Roho ya mtu hairudiwi.

Pili, tutazame kuua kwa makosa. Sura An-Nisaa, aya ya 92, imeweka kafara na diya kwa aliyemuua Muumini bila kukusudia. Huyu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Hata hivyo sharia haikusema yameisha. Imetenganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya: dhambi ya moyo, na haki ya aliyedhurika. Kukosa ya kwanza hakufuti ya pili. Mwenzangu alikuwa anazungumzia moyo wangu, na mimi nilikuwa nafikiria mtoto ambaye angekosa hewa.

Tatu, kuna kisa kilichopokewa katika Sunan Abu Dawud. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu anaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu kwa maneno mazito, na akafundisha kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza. Hebu tafakari. Wale hawakuwa waovu. Walikuwa wanachunga twahara! Hawakulaumiwa kwa kutojua tu, bali kwa kujibu bila kujua wakati mlango wa kuuliza ulikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipojiona. Mkunga alikuwa chumba cha pili, hatua kumi tu. Kwa nini sikumuuliza? Nikiwa mkweli, haikuwa huruma peke yake. Niliona haya. Mama mkwe alikuwa ameniita Sista, nami sikutaka aone kwamba mwenye sare nyeupe hajui. Kwa hiyo hata ile nia niliyodhani ni safi ilikuwa imechanganyika na kitu kingine. Nafsi inajua kujificha nyuma ya Bismillah.

Wengine watasema: ukitutisha hivi, wauguzi wataogopa kushika dawa, na mama atakufa wakiangalia. Hoja hii ni nzito, maana kuchelewa nako kunaua. Mzazi anayevuja damu hana muda wa kusubiri mwenye wasiwasi. Lakini woga huo unaletwa na kutojua. Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Ikizidi mwilini, inaweza kusimamisha pumzi. Asiyejua atafanya moja kati ya mawili: ataichoma kwa pupa, au ataikimbia. Anayejua, kabla ya kurudia kipimo ataangalia mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Ataweka kalsiamu glukoneti karibu, ambayo ndiyo dawa ya kuikinza. Kisha atachoma bila kutetemeka. Elimu imempa ruhusa ya kutenda.

Ndiyo maana naona kwamba elimu ya tiba ni fardhi kifaya kwa umma, lakini kwa aliyevaa sare na kusimama mbele ya kitanda, kuijua dawa iliyo mkononi mwake kunakuwa fardhi aini. Hawezi kusema wengine watajua kwa niaba yake, kwa kuwa mkono unaochoma ni wake. Na pale asipojua, wajibu wake ni neno moja ambalo Imamu Malik hakuona haya kulitamka mbele ya watu: sijui.

Sasa turudi kwenye swali. Nia njema ni mwanzo, na ukiwa ya kweli itakusukuma kusoma, kuuliza na kungoja. Nia isiyokusukuma kwenye elimu ni hisia tu. Ndugu yangu wa uhandisi utakayejenga daraja, wa sheria utakayemtetea mtu, na wewe unayejibu maswali ya dini kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku, nawe una sindano mkononi.

Siku hizi kabla ya kuchoma naweka kiganja tumboni kwa mama, namuuliza polepole na bila kumhukumu ni mitishamba gani ametumia, na nikiwa na shaka natembea zile hatua kumi. Bado husema Bismillah. Ila sasa huisema baada ya kujua.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na atulinde na haya inayotuzuia kuuliza. Amin. Wabillahi tawfiq.