Nani Ashike Mausi?

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondoka zamani. Shuleni kwetu kompyuta zilikuja, zikavikwa vitambaa, chumba kikapigwa kufuli. Eti zisiharibike! Nauliza: kuna tofauti gani kati ya chombo kilichokatazwa na chombo kilichofungiwa?

Siku mwalimu wa fizikia alipofungua, tulikaa watano kwa mashine moja. Tulitumia programu za PhET, zilizoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Unaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini. Ukikosea unaona, unarudia. Wala hazihitaji intaneti zikishapakuliwa. Kwa maabara yetu isiyo na vifaa, hiyo ni neema.

Lakini mausi niliishika mimi, maana nyumbani tulikuwa na kompyuta. Taa ikawaka, mwalimu akasifu kundi zima. Jirani yangu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akanakili jibu. Yeye alijifunza nini? Labda kwamba elimu ni ya wenye nazo.

Wengine watasema anayejua aongoze, muda hautoshi. Kweli, hautoshi. Lakini shule si mashindano ya kuwasha taa. Tujiwekee sheria ndogo: asiyejua ndiye ashike, anayejua aeleze kwa mdomo. Watachelewa, sawa. Hata mimi ningefaidika, maana kueleza ni kazi kuliko kubofya.

Basi, ufunguo wa kwanza anao mkuu wa shule. Wa pili ulikuwa mkononi mwangu, na sikuutoa.