Mapenzi ya Nani Yatimizwe?

Kila siku, asubuhi na jioni, jamaa zetu za Kikristu hupiga magoti na kumwomba Baba aliye mbinguni kwamba atakalo Yeye litendeke hapa duniani. Sala hiyo twaijua tangu utoto, na labda kwa sababu hiyo haitutishi tena. Lakini mara nyingi, tukisha kuinuka, twaanza kazi iliyo kinyume chake: twatafuta namna ya kumfanya Mungu akubali yale ambayo sisi wenyewe tumekwisha kuyakatia shauri. Wasomaji wapenzi, yafaa tujiulize: tunaposali hivyo, twataka mapenzi ya nani yatimizwe?

Sisi tulio Tabora twaishi kando ya njia kuu ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wanyamwezi walisifika kote kwa upagazi. Pagazi alibeba mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na zaidi, na safari kutoka pwani hadi Tabora iliweza kuchukua miezi 3. Mbele ya wote alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia. Pagazi naye alikuwa mtu mwenye haja zake: alitamani kupumzika, kurudi kwao, kulima shamba lake. Lakini safarini hakujichagulia njia. Kirangozi alipokata kushoto, naye alikata kushoto. Aliyejiona mjanja akashika njia yake peke yake porini, huyo hakuwahi kufika. Alipotea, na mzigo wake ukapotea.

Kwa njia hiyohiyo walikuja Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie. Waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Aliyewekwa kuwa mkubwa wa wale waliokwenda Ziwa Tanganyika alikuwa Padre Pascal. Bila shaka alitamani kuliona ziwa hilo, na kuhubiri Injili kwa watu wake. Nia gani iliyo njema kuliko hiyo? Hata hivyo, Agosti 1878 alifariki njiani, kabla ya kufika Unyanyembe. Wenzake walimzika, wakauchukua mzigo alioutua, wakaendelea. Mwanzoni mwa 1879 wengine walifika Ujiji, na wengine wakafika Buganda. Hapa pana fundisho gumu. Si matakwa mabaya tu yanayopaswa kuwekwa mikononi mwa Mungu. Hata matakwa mema ni lazima tuyatoe, kwa kuwa kazi ni yake, wala si yetu.

Lakini lazima tuseme neno jingine, maana wako wanaoyatumia vibaya mapenzi ya Mungu. Msibani twasikia: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Neno hilo ni kweli. Lakini ikiwa mtoto amekufa kwa homa ya malaria, na baba yake alikuwa na fedha ya kumpeleka kwenye matibabu akaimaliza kilabuni, je, tumtupie Mungu kosa la baba? Mama akipigwa nyumbani mwake, je, tumwambie kwamba ndivyo Mungu alivyopenda? La, hasha! Mungu hapendi dhambi. Huiruhusu, kwa sababu ametuumba na hiari. Lakini haitaki, wala haibariki. Katika njia hiyohiyo ya misafara walipitishwa watumwa, minyororo shingoni. Asiwepo Mkristu wa kusema kwamba yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Yalikuwa mapenzi ya watu wenye tamaa.

Basi mapenzi ya Mungu yalikuwa wapi? Tumtazame Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, mbali sana na kwetu. Angali mtoto, alitekwa akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, wakamlea, wakampeleka Malta ajifunze uganga wa kizungu. Akaja na msafara kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo aliishi akiwa mganga na katekista zaidi ya miaka 65, hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko, akajenga jamaa ya Kikristu, na mwanawe akapata upadre. Waliomteka walitenda uovu, na uovu unabaki uovu. Lakini Mungu hakushindwa na uovu wao. Na Atiman, aliyenyang’anywa hiari yake angali mdogo, alipopewa hiari hiyo tena hakuitumia kwa kisasi wala kwa kujitajirisha. Aliitumia kuwahudumia watu ambao hawakuwa wa kabila lake. Ndivyo mapenzi ya Mungu yanavyotimizwa: mtu huru aitika.

Mtajiuliza: tutayajuaje mapenzi hayo? Hatuna haja ya kungoja ndoto wala sauti ya ajabu. Kwanza tunazo Amri za Mungu na mafundisho ya Kanisa. Jambo lililo kinyume chake haliwezi kuwa mapenzi ya Mungu, hata likitamanika namna gani. Pili, tunao wajibu wa hali yetu: mume kwa mkewe, mama kwa watoto wake, mfanyakazi kwa kazi yake. Tatu, tunayo sala, pamoja na shauri la watu wenye hekima na muungamishi wetu. Mengi tunayoyaita mafumbo si mafumbo. Ni mzigo wa leo ambao hatutaki kuubeba.

Enyi wazazi, neno hili lawahusu ninyi hasa. Yuko baba anayemzuia binti yake asiingie utawani, kwa kuwa ameitegemea mahari. Yuko pia mama anayemsukuma mwanawe seminarini, ili nyumba yake ipate sifa ya kumzaa padre, hali kijana hana wito huo. Wazazi hao wawili waonekana mbalimbali, kumbe kosa lao ni moja: kila mmoja ameshika nafasi ya kirangozi. Mwombeeni mtoto, mfundisheni, mshaurini, kisha mwacheni amsikilize anayemwita.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, hakuficha alichokitamani. Alimwomba Baba amwondolee kikombe kile cha mateso. Kisha akayaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake. Nasi tusiogope kumwambia Mungu haja zetu wazi, hata kwa machozi. Lakini tukisha kusema, tumwachie neno la mwisho.

Jioni hii, jamaa itakapokusanyika kwa sala, tuyatamke maneno yale polepole. Na kila mmoja wetu alitaje moyoni jambo lile moja ambalo mpaka sasa hajakubali kumwachia Mungu.