Kipimanjia wa Ugenini

Katika malisho yaliyosalia magharibi mwa Sydney, mtu aliyekulia Nakuru au Arusha huweza kumwona ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani na miguu mirefu. Hukimbia, husimama wima, hutikisa mkia juu na chini; akiruka, weupe wa pembeni mwa mkia huonekana. Mtoto aliyezaliwa huko akiuliza jina lake, mzazi hujibu: "Kipimanjia. Ni yule yule wa nyumbani." Je, amesema kweli?

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, vitabu vingi vingemuunga mkono, kwani vipimanjia wa Afrika, Asia na Australia waliwekwa katika spishi moja. Baadaye wataalamu walipima upya sauti, maumbile na nasaba zao, wakawatenganisha: wa Australia ni Anthus australis, wa Afrika ni Anthus cinnamomeus. Ndege walibaki walivyokuwa. Kilichozidi ni umakini wa watazamaji.

Hata hivyo, jibu la mzazi lina madai mawili yasiyolingana uzito. "Kipimanjia" ni jina la tendo: anayepima njia kwa hatua zake. Tendo hilo linaonekana Sydney kama Arusha, na jina halidanganyi. "Yule yule" ni dai jingine. Humgeuza kiumbe aliye mbele ya macho kuwa kivuli cha mwingine, na kuifanya ardhi ya Wadarug kuwa ukumbi mtupu wa kumbukumbu za mgeni.

Hamu hiyo iliwahi kwenda mbali zaidi. Katika karne ya 19 walowezi wa Kiingereza walisafirisha kipozamataza wa Ulaya hadi Australia, ili nchi ngeni isikike kama kwao. Leo huimba juu angani, katika nyika zile zile anamotembea kipimanjia. Kishungi chake kifupi, na mkia asioutikisa, humsaidia mtazamaji kuwatofautisha. Mzazi mhamiaji ameleta neno tu, mzigo mwepesi kuliko ndege. Lakini neno nalo huweza kufunika kilichopo.

Kiswahili kina njia ya kutoka hapa, nayo ni udugu. Ndugu si lazima wafanane, wala mmoja hamwakilishi mwingine. Mzazi akisema, "Huyu ni kipimanjia wa huku, ndugu yake yule wa kwetu," hapotezi chochote cha nyumbani. Mtoto naye hupewa ndege wa nchi aliyozaliwa, pamoja na sababu ya kumtazama vizuri.