Kuvu Hajui Kusoma

Jaribio hili halihitaji maabara. Wanafunzi wangu hapa Kilwa Masoko hukata vipande vya karatasi ya chooni, gazeti, mfuko wa kaki (umejaa sokoni tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019) na pakiti ya juisi. Huvifukia kwenye ndoo za udongo wa chini ya mwembe, wakamwagilia, kisha wakawa wanafukua kila wiki. Karatasi ya chooni hutangulia kuisha. Gazeti huchelewa, maana limetokana na mti uliosagwa pamoja na lignini yake, na lignini ni ngumu kuliwa. Pakiti ya juisi ndiyo kichekesho: karatasi huoza, ukabaki utando wa plastiki na aluminiamu. Ndoo moja huwa na mchanga mkavu wa pwani, nayo hurudisha karatasi karibu kama ilivyoingia, kwa kuwa bakteria na kuvu hawafanyi kazi bila maji.

Msichana mmoja, ambaye jioni husoma madrasa kwa kaka yangu, aliuliza: "Madam, na kurasa za msahafu zilizochakaa je? Ustadhi hutuambia tuzifukie. Nazo zinaliwa?"

Zinaliwa. Nyuzi za karatasi ni selulosi tu, na kuvu hajui kusoma.

Kaka hakupendezwa na ukavu wa jibu langu, ingawa fiqhi haikulikana hilo kamwe. Wanazuoni wa Kihanafi wamesema kurasa chakavu zivikwe kitambaa safi, zizikwe mahali pasipokanyagwa, kama anavyozikwa Mwislamu. Wengine wameruhusu kuchoma, kwa hoja ya Khalifa Uthman, aliyeamuru maandiko mengine yachomwe baada ya misahafu yake kunakiliwa. Wote walijua karatasi haidumu. Kitambaa kile hakimzuii mchwa. Kinamzuia binadamu asipageuze pale jaa. Heshima ni kazi ya mzikaji, udongo haukuagizwa. Na Kurani haipungui herufi, kwa kuwa imo vifuani mwa mahafidhi.

Kwa kaka, mjadala umeishia hapo. Kwangu mimi ndipo unapoanza. Mnamo 1711 Malkia Fatima binti Muhammad wa Kilwa aliandika barua kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana, nayo ilihifadhiwa Goa, katika nyaraka za Wareno. Barua ile hakuna aliyeihifadhi kifuani. Mwili wake ni karatasi tu. Ingelowa, ingekwisha yote.

Basi ni neno lipi linalotudai ulinzi zaidi: lenye maelfu ya vifua, au lisilo na hata kimoja? Nionavyo mimi, ni hili la pili. Amana ni amana hata isipokuwa ya ibada, na sisi tunafungia maandazi kwa daftari za watoto bila hata kuzipitisha macho.

Kaka anasema nachanganya dini na kazi ya masjala. Haya. Lakini kaswida alizotunga marehemu baba yetu zimo kwenye daftari moja, juu ya kabati la kaka, kwenye chumba kinachovuja kila masika, na yeye mwenyewe kwa moyo anazijua mbili tu. Nimemwomba daftari hilo nizinakili. Mpaka sasa hajalileta.